Bibi wa Chai na Mchujo wa Hull

Sunderland,
Jumapili, 14 Februari 1993

Dada yangu mpendwa Enid,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Natumaini barua hii itakukuta nyonga imetulia na manesi hawajakuchosha, au wewe hujawachosha wao, maana nakujua. Mimi ni mzima, ukiacha mafua, mgongo, na mama mwenye nyumba niliyopanga, ambaye huzima hita mara tu unapomeza tonge la mwisho.

Ulinituma, nimefika. Nimeendesha basi maisha yangu yote, nikastaafu ili nikae kitako, na sasa napanda mabasi ya wenzangu kwenda kumwangalia binti wa watu akipiga mpira. Mwakani ukitaka kuvunja nyonga, tafadhali ivunje kiangazi, tenisi ikiwa nje na jua lipo.

Mafunzo yako yote nimeyashika. Mchujo ni Jumamosi na Jumapili, kabla mashindano yenyewe hayajaanza. Gaynor Helliwell wetu akishinda mechi zote mbili anaingia droo kuu, yaani mashindano yenyewe, na huko akishinda moja tu anapata pointi yake ya kwanza kwenye orodha ya dunia. Akifika Pasaka bila pointi, anaingia kazini kwenye duka la mazulia la mjomba wake na raketi inapanda darini. Ndivyo alivyosema mwenyewe gazetini, na najua kile kipande cha gazeti bado kiko chini ya mto wako. Sheria zako nazo nimezishika: nikae peke yangu, nisipige kelele, nimpigie makofi hata mpinzani, na nisiongee kamwe na mchezaji. Sisi tunafuata, hatuongei. Unavyolisema wewe, mtu angedhani ni dini.

Haya sasa, habari zenyewe. Jana alishinda. Vizuri tu, bila jasho, dhidi ya msichana wa Kent ambaye mama yake alikuwa anaguna kila mpira kana kwamba yeye ndiye anayepiga. Mimi nilikaa ng'ambo, kwenye benchi la mbao, na jirani yangu alikuwa Desmond Pym. Ulisahau kunionya juu yake. Ana kofia yenye masikio na mfuko wa mikate, na anawafuata Waingereza wote wasiojulikana, wanaume kwa wanawake. Wakijulikana anawaacha. Aliniuliza, "Enid yuko wapi?" Nikamwambia kuhusu barafu na nyonga. Akanimegea pai yake ya nyama. Pai ilikuwa nzuri, ukoko wake mgumu kwa juu, ndani ina mchuzi uliogandana vizuri, si kama zile za stendi ya Halifax.

Leo alishindwa. Alikuwa mbele tano kwa mbili kwenye seti ya mwisho, dada. Tano kwa mbili! Mimi nimeshaanza kufunga chupa yangu ya chai nikijiambia kazi imekwisha. Halafu sijui nini kilitokea. Hakukuwa na kilichotokea. Mpira ulikuwa ule ule na mpinzani yule yule, lakini gemu zikaenda moja baada ya nyingine, nami nimekaa pale nimeshika kifuniko cha chupa. Sijawahi kujiona sina maana namna ile, na mimi nimewahi kukwama na basi kwenye theluji na abiria wa kwenda harusini.

Jumamosi ijayo ni Tipton. Nitakwenda, usinikumbushe.

Mdogo wako,
Wilf


Hospitali, Halifax,
Alhamisi, 18 Februari

Mdogo wangu Wilf,

Nimepata barua yako, asante. Hujambo? Mimi sijambo kwa kiasi cha mtu aliyefungwa kitandani. Nyonga wamenishindilia chuma, daktari anasema imekaa sawa, lakini kifua kimeanza kunikwaruza. Kitanda cha jirani yupo Bi Ogden, ambaye anaimba usingizini. Simu ya wodi iko kule koridoni, na mimi siwezi kufika hata kwenye slipa zangu, kwa hiyo usinipigie. Andika.

Na ukiandika, andika tenisi. Pai umeipa mistari mingi kuliko gemu tano alizopoteza mtoto. Mimi huku sina kitu kingine. Nataka kujua mipira ilikwenda wapi, alisimama wapi, alifanya nini kati ya pointi na pointi. Hasa hilo la mwisho. Wilf, alijifuta viganja kwenye sketi?

Nitakuambia kwa nini nauliza. Alipokuwa na miaka tisa alikuja klabuni Todmorden na raketi ya kaka yake iliyofungwa kamba. Hawakumruhusu uwanjani, wakamwelekeza kwenye ukuta wa nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo. Mimi nilikuwa jikoni nachemsha maji ya chai ya wanachama, na dirisha langu linatazama ule ukuta. Alikuwa anajihesabia pointi kwa sauti, yeye dhidi ya ukuta. Kila mara, kabla ukuta haujamshinda, alikuwa anafuta viganja vyote viwili kwenye sketi, polepole, kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo. Akishafanya hivyo, imekwisha. Yeye anajua kabla ya mpinzani, kabla ya mwamuzi, na kabla yako wewe na kifuniko chako.

Msalimie Desmond. Mwambie yule kijana wake wa Norwich hana pigo la upande wa kushoto.

Dada yako,
Enid


Tipton,
Jumatatu, 22 Februari

Dada Enid mpendwa,

Habari za kifua? Umeniandikia neno moja tu juu yake na mimi sikulipenda. Mwambie daktari akusikilize mgongoni pia, siyo mbele tu. Mimi mafua yameondoka, yamehamia kwa Desmond.

Nitakuandikia tenisi kama ulivyoagiza, ingawa safari hii ni fupi. Jumamosi alishindwa mechi ya kwanza. Ukumbi unavuja, wameweka ndoo nyuma ya uwanja wake, na kila tone likidondoka wachezaji wanageuka. Kwenye mchujo hakuna wa kuokota mipira, unajua, wanaokota wenyewe, na mwamuzi ni mmoja kwa viwanja vyote, anapita kama mwalimu wa zamu. Kila msichana anatangaza mwenyewe mpira umetoka au haukutoka. Yule wa upande wa pili alikuwa na macho yanayoona nje kila mahali. Gaynor hakubishana hata mara moja. Mimi niliona mpira mmoja ndani, ndani kabisa, na Gaynor akageuka kuangalia benchi letu. Mimi na Desmond tukaangalia ndoo. Ndiyo sheria, mtazamaji hana neno. Lakini nilijisikia vibaya, Enid, kama nimemkataa mtu mlangoni.

Na ndiyo. Alijifuta. Seti ya pili, akiwa bado yuko mbele kwa gemu moja. Viganja vyote viwili, polepole. Ungeniona, nilishika mkono wa Desmond. Akaniuliza, "Vipi, moyo?" Nikasema, "Hapana, imekwisha." Akasema, "Mbona anaongoza?" Nikasema, "Subiri." Nilichukia kuwa sahihi.

Baadaye nilikwenda kwenye mashine ya kahawa, naye alikuwa pale, amesimama na begi lake, macho mekundu. Hakunitambua, angenitambuaje. Akasema, "Mzee, unaisubiri hii? Haitoi chenji, na kahawa yake ina ladha ya supu." Nilikuwa na maneno mengi sana mdomoni. Nilitaka kumwambia, binti, kuna mama mmoja kitandani Halifax anakujua tangu una miaka tisa, amekufuata mabasi na mabasi na hukuwahi kumwona kwa sababu alikuwa anakaa nyuma ya nguzo. Nikasema, "Asante." Basi. Nikanunua ile supu.

Nisikilize, wewe ni mkubwa na mimi ni mdogo, lakini naona sheria yako imepitwa na wakati. Yule mtoto yuko peke yake kabisa. Kocha hana, mama yake yuko kazini. Niruhusu nimwambie kwamba yupo mtu. Siyo ushauri, siyo mambo ya viganja. Nimwambie tu yupo mtu.

Mdogo wako,
Wilf


Hospitali, Halifax,
Ijumaa, 26 Februari

Wilf,

Salamu. Anayeandika ni nesi Bernadette, mimi nasema, yeye anasahihisha. Nina homa, wanasema ni mapafu, usishtuke na usipande basi kuja huku. Ukija nani atakuwa Hull? Hull ndiyo ya mwisho kabla ya Pasaka. Baada ya hapo mashindano yanahamia Ureno, na Helliwell hana nauli ya Ureno.

Nimefikiri ulichoomba. Kabla ya mechi, hapana. Katikati ya mechi, hapana kabisa. Mtoto akienda uwanjani na mgonjwa kichwani, anacheza mechi mbili kwa wakati mmoja. Mimi sitaki kuwa mzigo kwenye raketi ya mtu.

Lakini akishindwa Hull, basi yamekwisha, na wewe una ruhusa. Ukishaona amepeana mkono na mpinzani na mechi ya mchujo imekufa, nenda kamwambie. Mwambie Bibi wa Chai anamsalimu. Ndivyo alivyokuwa ananiita dirishani, Bibi wa Chai, jina langu halijui. Mwambie nilikuwepo. Hilo tu, na usilie.

Akishinda, funga mdomo wako mpaka ashindwe au apate pointi.

Bernadette anasema nimechoka. Sijachoka, yeye ndiye amechoka kuandika.

Dada yako,
Enid


Hull,
Jumamosi, 6 Machi

Dada yangu Enid,

U hali gani? Sijapata barua tangu ile aliyoiandika nesi. Nimeandika mara mbili kwako, na kila asubuhi namwuliza mama mwenye nyumba, mpaka sasa ananiona nikishuka ngazi anatikisa kichwa kabla sijasema. Nimepiga simu ile ya koridoni, akapokea mgonjwa mmoja mwanamume akaniambia niache kumpigia mke wake. Kama uko vibaya, mwambie Bernadette aandike neno moja. Ninasema kweli, naweza kuacha yote nikaja, na tenisi ikafia mbali.

Leo ameshinda. Kwa shida, seti tatu, lakini ameshinda, na hakugusa sketi. Nilikuwa nahesabu vidole vyangu badala ya kuangalia mpira. Kesho ni mechi ya mwisho ya mchujo, na mpinzani ni Mskoti mrefu aliyefungwa goti. Desmond anasema droo kuu ya hapa ni nyepesi kuliko zote za msimu huu. Kuna Mbelgiji mmoja mle ndani ambaye Gaynor alimpiga vuli iliyopita bila hata kuvua sweta.

Nikuombee nini? Sijui kuomba, unajua. Pona tu.

Wilf wako


Hospitali, Halifax,
Jumatatu, 8 Machi

Mdogo wangu, mpenzi wangu, Wilf,

Salamu, salamu, na salamu tena. Ninaandika mwenyewe, uone mwandiko ulivyopinda. Samahani kwa ukimya. Mapafu yalinibeba wiki nzima, walikuwa wananiwekea kibomba puani na mimi nilikuwa naongea na Mama kana kwamba yuko hai. Homa ilishuka Ijumaa. Barua zako zote mbili nimesomewa leo asubuhi kwa mpigo.

Lakini hayo si kitu. Wilf, amekuja.

Nilikuwa nimekaa kitandani nabishana na Bi Ogden juu ya dirisha, mara Bernadette anasema, "Enid, una mgeni, na saa za wageni bado, lakini amesafiri tangu alfajiri." Nikadhani ni wewe, nikaandaa maneno ya kukugombeza. Zikaingia zile nywele nyekundu. Mrefu kuliko anavyoonekana kutoka nyuma ya nguzo. Amebeba begi la raketi na mfuko wa machungwa. Akasema, "Bibi wa Chai, kumbe una jina."

Nililia, na wewe nilikukataza. Basi tuko sawa.

Akanieleza alivyoshindwa jana, pointi kwa pointi, kama unavyopaswa kuandika wewe. Alikuwa na uchungu lakini alikuwa ananichekesha, akaigiza Mskoti anavyolivuta goti. Akasema yule mzee wa mashine ya kahawa alimfuata akiwa mwekundu kama nyanya, akasema yote kwa pumzi moja, halafu akampa sandwichi yake akakimbia. Hukuniambia ulikimbia.

Tuliongea habari za ule ukuta. Unakumbuka nilivyokuwa nampa mipira? Wale wazee wa Jumanne walikuwa wanapoteza mipira mipya, na mimi nasema imeangukia mtoni, kumbe imeingia kwenye ndoo yangu, na jioni namwekea mtoto pale ukutani. Nilikuwa namwambia hata yeye, "Nimeiokota mtoni." Leo amecheka akasema, "Nilijua, Bibi. Ya mtoni ingekuwa imelowa. Ile ilikuwa mikavu, mingine ina joto la mfuko wako. Nilinyamaza kwa sababu ulifurahi kunidanganya." Miaka yote hiyo, Wilf. Na mimi nilijiona mjanja.

Usinione mjinga, nilimwuliza kuhusu karatasi. Nilimwambia, "Leo asubuhi umeweka sahihi kule Hull? Mchezaji wa droo kuu akijitoa, wanachukua aliyeshindwa mchujo, lakini awepo pale na awe amesaini." Akasema, "Bibi, kule wote wazima kama farasi, hakuna wa kujitoa. Ningekaa kwenye kiti siku nzima nikinywa ile supu." Nikatulia. Ndivyo anavyoona, na yeye ndiye aliyekuwepo.

Kabla ya chakula alitoka koridoni kumpigia simu mama yake. Akarudi, akajifuta viganja kwenye sketi, haya machungwa yana maji mengi, akakaa tena akasema, "Haya, niambie habari za ukuta tangu mwanzo." Akakaa hadi walipomfukuza. Alinilisha supu ya hospitali kwa kijiko na kumsifu mpishi mpaka Bi Ogden akaomba na yeye alishwe. Anakuja tena Alhamisi.

Sijui nikushukuru vipi. Nimelala hapa wiki na wiki nikijiona mzigo, na leo sijisikii hivyo. Njoo nyumbani sasa, kazi imekwisha.

Dada yako mwenye furaha,
Enid


Hull,
Jumatatu, 8 Machi

Dada Enid,

Natumaini u mzima. Sijui hata kama u mzima. Nimeanza barua hii mara kadhaa.

Jana alishindwa, saba kwa tano seti ya mwisho. Alipigana, nakuambia alipigana, hata Desmond alivua kofia. Akapeana mkono na Mskoti, nikafanya kama ulivyosema. Nilimfuata kwenye mashine nikamwambia yote. Aliweka begi chini. Akasema, "Bibi wa Chai? Yuko hospitali gani?" Nikamwambia. Akasema, "Nitaondoka na treni ya kwanza." Na mimi, mpumbavu mimi, nilifurahi. Nilirudi nilikopanga nikipiga mbinja. Sikukumbuka karatasi. Na wewe hukuikumbuka, Enid, uliposema mechi ikifa nina ruhusa. Ile mechi ilikuwa bado haijafa.

Leo asubuhi nilikwenda ukumbini kuchukua skafu niliyoisahau. Karatasi ilikuwa mezani kwa Bi Pargeter, msimamizi. Kuna jina moja tu, msichana wa Kent, yule wa mama anayeguna. Nikamwambia Bi Pargeter, "Naomba nimsainie Helliwell, amepata udhuru." Akasema, "Wewe ni nani wake?" Swali dogo tu. Nikasema, "Mimi ni mfuasi wake." Aliniangalia kwa huruma, yule mama si mbaya, akasema lazima asaini mwenyewe, akiwa amesimama hapa. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilikuwa nangoja nini sijui. Treni ilishaondoka, na ni mimi niliyemwelekeza kituo.

Ilipofika saa tatu na nusu Bi Pargeter aliondoa karatasi. Saa nne na ushee akaingia Mholanzi mmoja wa droo kuu, anachechemea, kifundo cha mguu kimevimba kama kiazi. Amejitoa. Gaynor ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mpangilio wa walioshindwa, Enid, kama angekuwa amesaini, nafasi ingekuwa yake. Bi Pargeter akamwita yule wa Kent. Mtoto alikuwa anakula chipsi za pakiti, akatupa pakiti, akaenda kuvaa viatu.

Na unajua alipangiwa nani? Mbelgiji. Yule yule. Nilikaa nikaangalia yote, sikuweza kuondoka. Wa Kent alishinda. Wa Kent, ambaye Gaynor alimpiga Sunderland bila jasho, ana pointi yake ya dunia, na mama yake aliguna mpaka mwisho. Nilimpigia makofi. Ndiyo sheria.

Desmond alisema, "Labda asingemfunga Mbelgiji, tenisi ni tenisi." Kisha akasema, "Labda angemfunga." Kisha akanipa pai, sikuweza kuila.

Kama Gaynor amefika kwako, basi usimwambie. Yeye hajui, na hana sababu ya kujua. Nimemwomba Bi Pargeter naye asimwambie. Akanijibu kitu ambacho sikukielewa vizuri, alisema, "Umechelewa kidogo, bwana, simu imelia mara nyingi leo," halafu akaitwa uwanjani. Sidhani kama ina maana yoyote.

Samahani, dada. Nilitaka tu ajue kwamba yupo mtu.

Wilf


Hospitali, Halifax,
Jumatano, 10 Machi

Mdogo wangu Wilf,

Salamu. Kifua kinaendelea vizuri. Jana wamenisimamisha, nimefika mwisho wa kitanda na kurudi.

Barua zetu zilipishana njiani. Yako nilisoma jana mchana, nikaiweka chini ya mto pamoja na gazeti, nikamwambia Bi Ogden ninaumwa kichwa ili asinisemeshe.

Acha kujilaumu. Tulipanga wawili. Mimi ndiye ninayejua kanuni zote, nimewahubiria watu mabasi mazima kuhusu karatasi ya asubuhi, na siku niliyotaka kitu changu mwenyewe niliisahau. Nilitaka anijue kabla sijafa, Wilf. Nilikuwa na homa na niliogopa. Ndiyo hivyo.

Lakini kuna jambo nimeliwaza usiku na sikuweza kulala. Nilikuandikia kwamba alirudi kutoka kwenye simu akajifuta viganja kwenye sketi kwa sababu ya machungwa. Leo asubuhi nimemwuliza Bernadette, maana sikujiamini. Anakumbuka vizuri, yeye ndiye aliyetuletea kisu. Machungwa tulimenya baada ya chakula. Aliporudi kutoka koridoni yalikuwa bado mfukoni, mazima.

Hakumpigia mama yake. Alipiga Hull, kwa Bi Pargeter, akaambiwa. Akasimama pale mlangoni pa wodi na kile alichoambiwa, akajifuta viganja polepole, na mimi nikimwangalia kwa macho yangu haya, mimi ninayejidai namsoma tangu ana miaka tisa. Halafu akakaa, akaniomba nimweleze habari za ukuta tangu mwanzo. Akanilisha supu.

Hakusaini, na alijua karatasi ipo. Alichagua treni. Hilo siwezi kumrudishia. Nimefikiri niandike kwa chama cha tenisi, nimwandikie mjomba wake, niuze saa ya Mama tumpeleke Ureno. Bernadette amenisikiliza yote kisha akanipimia joto. Jumatatu anaanza dukani kwa mjomba, aliniambia mwenyewe huku anacheka, akasema atanipa zulia kwa bei ya ndugu.

Kwa hiyo usimwandikie, usimwombe radhi, na usimpelekee Desmond. Rudi nyumbani, lakini usije hapa kesho, njoo Ijumaa. Kesho ni Alhamisi na atakuwepo. Miaka yote ile alishika mipira mikavu akaninyamazia. Atakaa hapo kwenye kiti, nitamwuliza habari za Hull, naye atasema hakuna aliyejitoa, wote walikuwa wazima kama farasi. Nami nitamwambia ndiyo, Wilf ameniandikia hivyo hivyo.

Dada yako,
Enid